Walipogusana Juu ya Msitu

Kila Jumapili wakishatoka kanisani, Nanyokie alimvua mumewe viatu, akampa uji, akamsogezea kiti mbele ya kompyuta. Viatu vyenyewe siku hizi havikutoka kirahisi. Miguu ya Moringe ilikuwa imevimba, ukibonyeza kwa kidole kishimo kinabaki, na daktari alikwisha kusema kwamba moyo wa mzee umechoka: asibebe kitu, asipande mlima. Mlima Moringe aliupanda hivyo hivyo, amekaa.

"Niwekee mto mgongoni, Mama Koinet," alisema. "Leo upepo unatoka mashariki."

Nanyokie alichungulia dirishani, akaona migomba ya jirani imetulia tuli. Upepo uliosemwa ulikuwa ndani ya kioo cha kompyuta.

Kompyuta hiyo Moringe aliachiwa na mzungu mmoja wa shamba la kahawa. Mzungu yule alikuwa na ndege isiyo na injini, mabawa marefu, kiwiliwili chembamba kama panzi. Gari liliivuta kwa kamba mpaka ikapaa, kisha kamba ikaachiwa, ikabaki inaelea yenyewe. Moringe alikuwa dereva wake, na tena ndiye aliyeshika ncha ya bawa na kukimbia nalo mpaka ndege ishike mwendo. Baadaye mzungu akawa anampandisha kiti cha nyuma. Baadaye tena akamwachia usukani. Alipozeeka akarudi kwao, ndege akaiuza, kompyuta akampa Moringe, na ndani yake akamwekea mchezo wa ndege ile ile pamoja na ramani ya nchi yote ya hapa: Karatu, mashamba ya Rhotia, msitu, ukingo wa kreta, mlima Oldeani na mabonde yanayoshuka Endulen. Hata fimbo ya kuongozea alimwachia, unaishika kama usukani halisi.

Watu wa mtaani walicheka mpaka wakazoea. Felista, Mchaga mwenye duka la pembeni, hakusema "hodi" kama watu wengine. Aliuliza mlangoni, "Mzee ametua au bado yuko hewani?"

Mtoto wao wa mwisho, Koinet, alikulia magotini pa baba yake mbele ya kioo hicho. Alijua kuruka kabla hajajua kuchunga. Moringe alimfundisha kama alivyofundishwa yeye: kwamba ndege hii haina nguvu yake, inaomba. Upepo ukigonga mteremko wa msitu unapanda juu, nawe unapanda nao. Jua likichoma shamba, hewa inainuka, unazunguka humo kama tai. Ukimkuta mwenzio ameshaanza kuzunguka, unaingia chini yake na unafuata upande alioshika yeye, hata kama wewe ndiye unayejua zaidi. Na bawa lisiguse bawa. "Hapo hakuna mkubwa wala mdogo," alikuwa akisema. "Wote chini."

Basi wakaishi hivyo, baba na mwana, mpaka mwaka ule wa ukame.

Ng'ombe wa ukoo walikuwa Endulen kwa kaka zake Moringe, na walikuwa wamekufa wengi. Wazee wakaitana wazungumze: waliobaki wahamishwe kwenda upande wa Loliondo, au wauzwe wangali wamesimama. Moringe alikwenda, na Koinet, aliyekuwa ametoka chuoni Arusha, akamfuata. Moringe aliposema ng'ombe wahamishwe, kijana akainuka mbele ya wazee wote, hajaruhusiwa, hajaulizwa.

"Baba yangu ng'ombe anawaona kwenye kompyuta," alisema. "Msimfuate."

Watu wakacheka. Yawezekana kijana alitaka kuchekesha tu, yawezekana alikuwa na hoja, maana ng'ombe waliohamishwa walifia njiani karibu wote. Lakini Moringe angecheka nini? Alikaa akitazama kiatu chake. Rika lake walikuwepo, na wake zao, na wachunga ndama wanaosimulia kila kitu.

Koinet alipokuja kuaga anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, Nanyokie alikuwepo. Kwa Wamaasai mtoto hampi mzazi wake mkono. Anainamisha kichwa, mzazi anamwekea kiganja utosini, na hapo salamu imepokelewa na baraka imepita. Awe na mvi, awe na shahada, kwa baba yake atainama. Koinet akainama. Moringe mkono wake akauacha ndani ya blanketi. Kijana alikaa ameinama vile, shingo ikaanza kumtetemeka, mwishowe akajinyoosha mwenyewe, akachukua begi.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Koinet alimpigia mama yake simu mara moja moja. "Yeyo," alimwita mama kwa Kimaasai, "hamjambo? Na wengine?" Hao wengine walikuwa ni baba yake. Nanyokie alijibu, "Wengine wapo," na mazungumzo yakaisha.

Sasa, katika mchezo ule mtu akitaka haruki peke yake. Ukiwa na bando, unawakuta watu wa mbali nao wanaruka, na kila ndege ina jina la mwenyewe kwa herufi ndogo juu yake. Nanyokie alisoma mpaka darasa la tatu tu, herufi aliziokota moja moja kama anayechagua maharage. Jumapili moja akaona ndege nyeupe inatokea upande wa Rhotia. K, akasoma. O. I.

"Baba Koinet, huyu si..."

"Nimeona."

"Ametokea wapi?"

"Ametokea mtandaoni. Kaa."

Akakaa. Ndege ile ikaja mpaka kwenye mteremko wa msitu ambako Moringe alikuwa akienda na kurudi. Haikumsogelea. Iliingia chini yake, ikashika upande wake, Moringe akigeuka nayo inageuka. Wakaruka hivyo mpaka jua la ndani ya kompyuta likashuka. Jumapili iliyofuata ikaja tena. Nanyokie akaanza kuwahi kutoka kanisani, hasubiri mnada wa mavuno, kisa ndege.

Chini ya kioo kulikuwa na nafasi ya kuandikiana maneno. Hakuna aliyeandika.

"Mwandikie basi," Nanyokie alimwambia. "Hata 'habari' tu."

"Mimi ndiye niliyemtukana mbele ya watu?"

"Mbona anakuja kila wiki?"

"Anakuja. Hajafika."

Mwaka huu moyo ndio ukazidi kuchoka. Moringe akawa halali chali, analala amekaa, na pumzi inasikika mpaka chumba cha pili. Jioni moja alimshika Nanyokie mkono, akamwambia neno ambalo hakulisema siku zote hizo.

"Nataka nimguse kichwa kabla sijafa. Hilo tu ndilo lililobaki."

"Nimpigie simu aje?"

"Usimpigie. Usimwambie ninaumwa. Akija kwa ajili ya ugonjwa, amekuja kwa ugonjwa, hakuja kwangu. Niitikie." Hakumwachia mkono mpaka alipoitikia.

Nanyokie hakuwa mtu wa kuvunja neno. Alilichukua likamlemea, akalipeleka kwa Felista siku aliyokwenda kununua mafuta ya kula.

"Ninyi Wamaasai heshima itawaua," Felista alisema, anafuta mizani. "Sisi tungeshapigiana simu, tukatukanana, tukamaliza, tukala."

"Na baadaye?"

"Baadaye tunatukanana tena. Lakini si tumeshakula?" Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha utani. "Mama Koinet, nipe namba yake. Mimi sijamwitikia mzee chochote."

Nanyokie alimpa namba. "Lakini usipige," akamwambia. "Mpaka nikuambie." Na hakumwambia. Aliona kwamba kijana anakaribia mwenyewe, na mtu anayekaribia ukimkurupusha anarudi nyuma. Akasubiri. Kusubiri ndiko alikokuwa anakujua kuliko kazi zote.

Ikafika Jumapili moja, Moringe hakwenda kanisani. Walikuwa wametoka hospitali juzi yake, na daktari alizungumza na Nanyokie koridoni kwa sauti ndogo. Hata hivyo mzee alitaka kiti chake. Nanyokie na Felista walimkokota, mmoja kila kwapa, na Felista alimwambia, "Baba, ukifika juu niangalizie duka langu kama limefungwa." Moringe akatabasamu, hakuwa na pumzi ya kujibu. Felista akaenda zake.

Fimbo aliishika kwa mikono miwili. Akapanda polepole na mteremko, msitu chini yake mweusi, mawingu yamekalia ukingo wa kreta. Koinet akatokea. Akaingia chini yake kama kawaida. Lakini safari hii hakukaa nyuma. Alisogea, akapita mbele, akapunguza mwendo, na hapo, palipo mbele kabisa ya macho ya baba yake, akaishusha pua ya ndege. Akaishikilia hivyo. Kisha akainyoosha kidogo isije ikaanguka, halafu akaishusha tena, akangoja.

Nanyokie alisimama bila kujua kwamba amesimama.

"Ameinama," Moringe alisema.

"Ameinama, Baba Koinet."

"Umeona na wewe? Si macho yangu?"

"Nimeona."

Moringe akasukuma fimbo taratibu, kwa mkono wa kulia peke yake, kiganja kimefunguka juu yake, vidole havishiki. Ndege yake ikashuka. Ikashuka juu ya ile nyingine polepole, kivuli kikaifunika. Zikagusana. Bawa moja likakatika, halafu jingine, msitu ukazunguka kwenye kioo, juu ukawa chini, kisha kikatulia na maneno ya Kiingereza katikati.

Moringe aliegemea mto. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka bila sauti.

"Nimemgusa."

"Mmeanguka wote."

"Huo ni mchezo, humo hafi mtu. Mkono umefika kichwani. Umeona alivyokishusha? Kijana wangu." Akavuta pumzi. "Alishusha mara mbili."

Nanyokie alitazama kioo. Siku nyingine mmoja akianguka huanza upya, dakika si nyingi anarudi hewani. Akangoja aione ndege nyeupe upande wa Rhotia. Herufi za mwanawe zilikuwa zimefutika, na hazikurudi. Akamfunika mumewe blanketi magotini, akaendelea kutazama mpaka kioo kikajizima chenyewe.

Ujumbe uliingia kwenye simu Jumatatu, Nanyokie akichambua mchele. Alikwenda nao mlangoni kwenye mwanga, akausoma neno kwa neno, midomo inacheza.

"Yeyo mwambie baba nimepata jibu lake. Niliinama mbele yake akaniangusha. Sitamsumbua tena."

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena na tena, ikaita. Ndipo akakaa kwenye ngazi, akaandika mwenyewe, kazi iliyochukua muda mpaka mchele wote ukaota jua. "Baba hakukuangusha. Amekugusa kichwa. Njoo." Akautuma. Hakuandika kwamba anaumwa. Kidole kilifika hapo, akakumbuka alivyoshikwa mkono, akaacha.

Ndani Moringe aliita. Alikuwa amesikia simu ikilia.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Ameandika nini?"

Nanyokie alimtazama. Midomo ya mumewe ilikuwa ya kijivu, na macho yamemkazia kama mtoto anayesubiri kuambiwa kama amefaulu. Angeweza kusema simu imeisha chaji. Angeweza kusema hakuusoma ujumbe vizuri.

"Anasema baraka imefika," alisema. "Anasema ameipokea, na anakushukuru."

"Imefika," Moringe alirudia. Akafumba macho. "Basi mtandao nao una kazi nzuri."

Usiku huo alilala vizuri kuliko siku nyingi. Asubuhi Nanyokie alikuwa anapasha maji ya kumwosha, aliporudi na beseni hakukuta pumzi tena.

Hata siku hiyo Koinet hakuipokea simu ya mama yake. Aliipokea ya Felista, kwa kuwa namba hakuijua. Kesho yake alishuka stendi ya Karatu na begi moja, shati limekunjamana kwa safari. Alimkuta baba yake sebuleni kwenye jeneza, akasimama hapo kwa muda mrefu, wala hakulia. Walimzika nyuma ya nyumba, mchungaji akasoma, wazee wa Endulen wakaja na gari la kukodi. Koinet aliweka udongo wake kama watoto wengine. Mzee mmoja alimwambia maneno mazuri juu ya baba yake, akaitikia kwa kichwa.

Watu walipopungua, alikwenda akakaa kwenye kile kiti. Nanyokie alimfuata, akafunga mlango.

"Kwa nini hamkuniambia anaumwa?"

"Alinikataza."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa naruka na mtu anayekufa, na wewe umesimama nyuma unaona."

"Nilikuwa naona." Nanyokie alikaa kwenye stuli. "Koinet, mwanangu, nisikilize. Jumapili uliposhusha ile ndege, aliniambia umeinama. Kanena hivyo hivyo. Alikwisha kuniambia anataka kukugusa kichwa. Alikuwa anakushikia utosi. Aliposhuka alikuwa anakubariki."

"Niliona ujumbe wako."

"Mbona hukujibu?"

"Niliona ni maneno yako, si yake."

Akawasha kompyuta. Mchezo ule huhifadhi safari, na ya Jumapili ilikuwemo. Waliitazama pamoja. Ndege nyeupe inapita mbele, inashusha pua, inangoja. Ile ya juu inakuja.

"Tazama," Nanyokie alisema. "Tazama anavyokuja taratibu."

"Naona. Hakuteleza, hakukosea. Anakuja juu yangu kwa kukusudia." Akairudisha nyuma, ikaja tena. "Yeyo, baba alinifundisha jambo moja kuliko yote, usiguse. Alikuwa ananipiga kofi nikisogea sana. Mtu huyo huyo ndiye atumie kugusa kama baraka?"

"Alisema humo hafi mtu. Alilia, Koinet. Alikuwa anacheka na analia. Alikufa anajua mmepatana."

Kijana aligeuka akamtazama. "Atajuaje tumepatana? Mimi niliandika nini?"

Hapo Nanyokie aliona alipokanyaga. Angeweza kunyamaza. Lakini hakuwa na nguvu tena ya kuficha, alikuwa ameficha mengi mno kwa ajili ya watu wawili.

"Nilimwambia umeipokea. Kwamba unamshukuru."

"Ulimdanganya."

"Alikuwa anaondoka, mwanangu. Ungetaka aondoke na yale uliyoandika?"

Koinet alikuwa anashika ile fimbo, anaiachia. "Hapana," alisema. "Sikulaumu. Ulifanya vizuri." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Nanyokie. "Ila ulimwona ameumia ukampa neno la kumtuliza. Leo mimi ndiye nimeumia. Nitajuaje kama neno hili nalo si la kunituliza?"

"Kwa sababu ni kweli."

"Hata lile ungesema ni kweli."

Nanyokie alifungua mdomo aape. Jina la Mungu lilikuwa tayari ulimini. Kisha akakumbuka uso wa Moringe kitandani, midomo ya kijivu, na akajua kabisa kwamba siku ile Moringe angemwambia aape, angeapa. Akafumba mdomo.

Koinet alisubiri. Alisubiri kwa adabu, kama anavyosubiriwa mzazi. Nje vijana walikuwa wanakunja turubai na kupakia viti vya kanisa kwenye kigari cha kirikuu, mmoja anamfokea mwenzake avipange vizuri. Mwishowe alizima kompyuta, akainuka, akasema, "Ngoja nikawasaidie hawa," akatoka.